Kuzungumzia tamaduni za watu kwenye darasa la Kihispania: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Kigoma

Darasa letu ni la jioni, liko Mwanga, Kigoma mjini. Wanaokuja ni waongoza watalii wanaopeleka wageni Gombe na Mahale, masista wawili, vijana waliomaliza kidato cha sita, fundi simu, na mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi ambaye binti yake ameolewa Hispania. Kihispania changu nilikipata Kuba, nilikokwenda kusoma. Kila muhula unapoanza najikuta narudia kujibu maswali yaleyale, ya wanafunzi, ya wazazi wao, na ya walimu wenzangu wanaofundisha Kifaransa na Kiingereza. Nimeona niyaandike. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yametusumbua kweli, mengine yanatosha mistari michache.

Mtu amekuja kujifunza lugha. Mambo ya utamaduni yanaingiaje?

Yanaingia siku ya kwanza, kwenye salamu. Mfundishe mtu wa Kigoma kusema "¿Cómo estás?", yaani hujambo, uone swali litakalofuata: hii naweza kumwambia mzee? Anatafuta shikamoo. Na aliyelelewa katika nyumba ya Waha, akazoea "mwakeye" isiyo na haraka, anaiona salamu hii ni fupi mno, kama mtu anayekupita njiani.

Kihispania hakina shikamoo. Kina tú, ambayo ni "wewe" ya mazoea, na usted, ambayo ni "wewe" ya heshima, na matumizi yake hayafanani kila mahali. Hispania siku hizi wanafunzi wengi wanamwita mwalimu tú na hakuna anayekasirika. Bogotá, Kolombia, utasikia ndugu wa tumbo moja wakiitana usted. Ajentina na Uruguay wana vos, "wewe" nyingine ya mazoea. Hujafika hata kwenye kitenzi cha pili, na tayari unazungumza nani anamheshimu nani na kwa njia gani. Sisi tunaanza na usted kwa kila mtu mzima. Mwenyewe akisema umwite tú, mwite.

Mnaposema "kwa heshima", mna maana mtu asiseme lolote baya kuhusu wenzetu?

Hapana. Mtu anaweza kusema jambo halimpendezi, na mara nyingi anasema. Tunachokataa ni kumfunga mtu kwenye neno moja na kumwacha humo.

Watu wa Kigoma hatuhitaji kueleweshwa sana hapa, maana tumesemwa vya kutosha. Fika Dar es Salaam useme unatoka Kigoma. Wa kwanza atakuambia "mwisho wa reli". Wa pili atakuuliza habari za uchawi. Wa tatu ataanza kukuhoji kama wewe ni Mtanzania kweli au ni Mrundi. Huwezi kupata hata mmoja wa kukuuliza kwenu mnapika nini, au babu yako alikuwa anafanya kazi gani.

Muhula uliopita niligawa ubao katikati kwa chaki. Upande wa kushoto niliwaomba waandike yote waliyowahi kuambiwa kuhusu Kigoma na watu ambao hawajawahi kufika. Ukajaa. Upande wa kulia waandike wanachojua kuhusu Meksiko. Wakaandika kofia kubwa, pilipili, dawa za kulevya, tamthilia za mapenzi, wanaume wenye wivu. Dada mmoja akasimama, akasoma kushoto mpaka mwisho, akasoma kulia mpaka mwisho, akarudi kukaa bila kusema neno. Tukakaa kimya muda kidogo. Tangu siku ile sijapata tena kazi ya kueleza kwa nini tunajali jambo hili.

Lakini sisi ni watu wa utani. Mbona mnatunyima utani?

Swali hili nalipenda, kwa sababu utani ndio unaolieleza jambo vizuri. Mtani wako anaweza kuja msibani kwako, akalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Anakutukana mbele ya wakwe na unacheka. Anaruhusiwa kwa sababu kesho utakwenda msibani kwake ukamfanyie vilevile. Kuna mkataba hapo, wa babu na babu, na pande zote mbili zinaujua.

Mperu hayupo darasani kwetu. Hajui kama anasemwa, na hana zamu ya kujibu. Kwa hiyo huyo si mtani wetu, bado ni mgeni tu. Akija, tukakaa naye, akatuzoea na sisi tukamzoea, yeye mwenyewe ataanza.

Kanuni zenu darasani ni zipi?

Kwenye kona ya ubao pameandikwa maswali mawili ambayo hatuyafuti: ¿Dónde? na ¿Cómo lo sabes? Wapi, na umejuaje. Yeyote anayesema jambo kuhusu watu wa nchi fulani anaweza kuulizwa hayo mawili na mwenzake yeyote, hata mwalimu anaulizwa. "Wahispania wanalala mchana." Wapi? Umejuaje? Mara nyingi jibu la pili ni "niliona kwenye simu", na si vibaya, alimradi tumelijua.

Ya pili ni ya sarufi. Mwanzoni watu huandika "Los mexicanos son...", Wameksiko ni hivi na hivi. Nawaomba walete algunos (baadhi), muchos (wengi), en algunas familias (katika familia fulani), a veces (mara nyingine). Halafu nawafundisha kitenzi soler, ambacho ni kuwa na kawaida ya kufanya jambo: "En ese pueblo suelen cenar tarde", katika mji ule huwa wanakula chakula cha usiku wakiwa wamechelewa. Kiswahili chetu kina "huwa" na kinafanya kazi hiyohiyo. Mtu akishazoea kuandika huwa badala ya ni, hasira nyingi zinapungua zenyewe, na Kihispania chake kinakuwa kizuri zaidi. Napenda sana kwamba sarufi inanisaidia hapa, kwa sababu sihubiri, nasahihisha daftari.

Tuzungumze Kiswahili au Kihispania?

Jambo likiwa zito, Kiswahili kwanza. Mtu mwenye maneno mia mbili ya Kihispania hawezi kusema kitu chepesi na chenye tahadhari, atasema kilicho kikali kwa sababu ndicho anachokiweza. Tukishaelewana, tunarudia sentensi tatu au nne kwa Kihispania.

Neno "negro" linatuumiza. Kwa nini lipo kwenye kitabu?

Lipo kwa sababu ndilo jina la rangi: zapatos negros, viatu vyeusi, frijoles negros, maharage meusi, ambayo Kuba nilikula karibu kila siku. Huwezi kulikwepa. Shida inaanza linapoelekezwa kwa mtu.

Nilipofika Kuba wiki ya kwanza, mama wa jirani aliniita "mi negro", mweusi wangu, huku akinipa kahawa. Nilikwenda kulala nimekasirika. Nilichukua miezi kujua kwamba pale watu wanaitana hivyo kwa mapenzi, mume na mke, mama na mwana, hata asiye mweusi anaitwa. Mercedes Sosa, mwimbaji mkubwa wa Ajentina, alijulikana na watu wake kwa jina la La Negra, na walilitamka kwa upendo. Lakini mtaani kulekule nilisikia neno hilohilo likitamkwa kwa namna nyingine, na halikuhitaji tafsiri. Sauti ndiyo inayoamua, pamoja na nani anamwambia nani.

Ninachowashauri wanafunzi: lijue unapolisikia, usilitumie kwa mtu, na kama umeitwa hivyo na hukupenda, una haki ya kusema. "No me llames así, por favor." Usiniite hivyo, tafadhali. Sentensi hiyo tunaifanyia mazoezi kwa sauti, tena ya kawaida, bila kupayuka. Katika nchi nyingi utasikia pia afrodescendiente, mwenye asili ya Afrika, na wapo wanaojiita negro kwa kujivunia. Msikilize anavyojiita mwenyewe.

Halafu huwa nawageuzia. Mgeni yeyote mweupe anayeshuka stesheni anaitwa mzungu, awe Mhispania, Mturuki au Mchile. Mkorea anaitwa Mchina. Wanaozungumza Kihispania wana tabia hiyo pia: Alberto Fujimori, aliyekuwa rais wa Peru na ambaye wazazi wake walitoka Japani, aliitwa el Chino, Mchina, nchi nzima. Wapo wanaolichukulia neno mzungu kwa kicheko, na wapo ambao linawachosha baada ya siku tatu. Mwongoza watalii mmoja wa darasani alisema siku hizi anauliza jina la mgeni kabla boti haijaondoka, na analitumia njia nzima mpaka Gombe.

Tumeona video za mpira. Wahispania si wabaguzi? Kwa nini tujifunze lugha yao?

Mei 2023, kwenye uwanja wa Mestalla mjini Valencia, mashabiki walimtolea Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Real Madrid, matusi ya kumfananisha na nyani. Vijana wote wa darasani walikuwa wameona. Mmoja akasema wazi kwamba haoni kwa nini alipe ada kujifunza lugha ya watu wale.

Sikumwambia asikasirike. Ningekuwa namwambia nini? Nilichofanya ni kuwaletea habari yenyewe kwa Kihispania, ikiwa imefupishwa, tukaisoma kwa maneno yake: insultar (kutukana), denunciar (kushtaki), juez (hakimu), condena (hukumu). Juni 2024 mahakama iliwahukumu mashabiki 3 kifungo cha miezi 8 na kuwazuia kuingia viwanjani kwa miaka 2. Tukauliza maswali yetu mawili ya ubaoni. Waliotukana walikuwa Wahispania. Mahakimu pia. Waandishi waliolipigia kelele jambo hilo, pia. Kijana alibaki na hasira yake, ila sasa alijua anamkasirikia nani.

Na lugha ni ya watu wengi kuliko Hispania. Kolombia kuna kijiji kinaitwa San Basilio de Palenque, kilichoanzishwa na Waafrika waliotoroka utumwa. Mpaka leo wana lugha yao, Kipalenquero, yenye msingi wa Kihispania na maneno ya Kikongo ndani yake, na mwaka 2005 UNESCO iliitambua hazina hiyo ya utamaduni. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika. Hawa wote, ukiwakataa wenye Kihispania kwa jumla, umewakataa na wao.

Siku ile mwanafunzi mwingine, mtulivu, akauliza kuhusu sisi: neno mkimbizi linavyotupwa kama tusi sokoni, katika mkoa wenye kambi ya Nyarugusu. Nilitaka kurudi kwenye somo. Nikajizuia, na hiyo ikawa ndiyo sehemu nzuri ya jioni ile.

Siku ya wafu ya Meksiko si ushirikina? Mzazi anauliza.

Tarehe 1 na 2 Novemba familia nyingi za Meksiko hutengeneza meza ya marehemu nyumbani, inaitwa ofrenda: picha yake, mishumaa, mkate, maua ya njano yanayoitwa cempasúchil, na chakula alichokipenda. Wanakwenda makaburini, wanasafisha, wanakaa huko. Chimbuko lake ni imani za wenyeji wa kale zilizokutana na kumbukumbu ya marehemu wote ya Kanisa Katoliki, ambayo hata parokia zetu huiadhimisha 2 Novemba. Tangu 2008 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni.

Mzazi aliyeuliza nilimjibu kwamba hatuabudu chochote darasani, wala simlazimishi mtu kukubali. Tunajifunza kueleza kwa usahihi wanachofanya wengine. Kama imani ya mtoto inasema jambo hilo si sahihi, atasema "mi fe enseña otra cosa", imani yangu inafundisha vingine. Atasema hivyo baada ya kueleza, kwa namna ambayo Mmeksiko mwenyewe angesikia akasema ndiyo, hivyo ndivyo tunavyofanya.

Mwaka jana badala ya kutengeneza ofrenda, niliwaomba kila mtu aje na kitu kinachomkumbusha mtu wake aliyetangulia, akieleze kwa sentensi tano. Kijana mmoja alileta karabai. Ilikuwa ya baba yake, mvuvi wa dagaa, iliyotumika ziwani kabla hawajahamia kwenye taa za betri. Kioo hakipo, tangi limeingia kutu upande mmoja, na kwenye mkono wa kushikia baba alikuwa amezungushia kamba ya nyavu ya buluu ili usimuunguze. Kijana alishika pale penye kamba muda wote alipokuwa anaongea. "Era de mi papá. Pescaba de noche." Ilikuwa ya baba. Alikuwa anavua usiku. Sentensi ya tatu hakuimaliza. Mwislamu mmoja aliyekaa mbele akasema kwao walifanya hitma juzi tu, akataja na chakula kilichopikwa. Sista akasema walivyosafisha makaburi ya parokia. Hakuna aliyesema tena neno ushirikina jioni ile, na mimi sikulikataza.

Darasa lina Waislamu na Wakristo. Historia ya Hispania haiwagombanishi?

Inaweza, ikifundishwa nusunusu. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711 na utawala wao wa mwisho, Granada, ulianguka 1492. Mwaka huohuo Wayahudi walifukuzwa, na kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa Wamorisko, waliokuwa wazao wa Waislamu. Msikiti mkuu wa Córdoba uligeuzwa kanisa mwaka 1236 na ni kanisa mpaka leo. Mwanafunzi wa Ujiji aliuliza kama ni haki. Ni swali halali kabisa. Nilichoomba ni kimoja: asiwepo mtu wa kumgeukia sista kana kwamba yeye ndiye aliyewafukuza.

Kisha tunakwenda kwenye maneno, na hapo darasa huchangamka. Fulano ya Kihispania na fulani yetu ni neno moja la Kiarabu. Hasta na hata, vivyo hivyo. Azúcar na sukari. Tarifa, ambayo kwao ni bei iliyotangazwa, imetoka shina moja na taarifa. Ojalá, wanayosema wakitamani jambo, imo Allah ndani yake, na inshallah yetu ni ndugu yake. Mama wa Kibirizi alipoelewa hilo la ojalá alimpigia binti yake simu hapohapo darasani, nikamruhusu.

Vipi kuhusu kupigana na ng'ombe?

Hispania kwenyewe wanabishana. Bunge la Katalonia, jimbo mojawapo la Hispania, lilipiga marufuku mchezo huo 2010, Mahakama ya Katiba ikaifuta marufuku hiyo 2016. Kolombia ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuukomesha kuanzia 2027. Mwanafunzi akisema ni ukatili, namwambia wapo Wahispania wengi wanaokubaliana naye, awatafute awasome. Na Pemba kuna mchezo wa ng'ombe pia, ingawa kule ng'ombe hauawi.

Ni kweli Che Guevara alipita hapa? Mnalizungumzia?

Ni kweli, na kwa Kigoma naona ni lazima. Aprili 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi wa Kuba mzaliwa wa Ajentina, alivuka ziwa kutoka hapa kwenda Kongo na kikundi cha Wakuba, na Novemba mwaka huohuo wakarudi kwa njia hiyohiyo baada ya kushindwa. Walijipa majina ya namba za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, na Che akawa Tatu. Kwa hiyo watu wenye Kihispania walikanyaga mchanga wetu wakiitana kwa lugha yetu, miaka mingi kabla ya darasa hili.

Baadaye aliandika kuhusu safari ile, na ndani ya Kihispania chake aliliacha neno letu moja kama lilivyo: dawa. Alieleza kwamba wapiganaji wa Kongo waliamini dawa ya mganga inazuia risasi, kwa masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usiogope. Akifa mtu, wanasema aliogopa.

Nilipoyasema haya mara ya kwanza, nusu ya darasa ilicheka. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, hakucheka. Alisema mgeni amekuja miezi saba, hajui lugha, ameshindwa vita, kisha ameandika kwamba waliomshinda ni waganga. Fundi simu akamjibu kwamba mambo ya dawa yapo, yeye ameyaona, na kwamba Majimaji ya 1905 tumeisoma shuleni, maji yaligeuzwa kinga ya risasi na tunaisifia. Walibishana vizuri sana. Kila mmoja alikuwa na jambo.

Niliwaandikia sentensi mbili. "Los africanos creen en la dawa." Waafrika wanaamini dawa. Na ya pili, "Él escribe que muchos combatientes creían en la dawa." Yeye anaandika kwamba wapiganaji wengi waliamini dawa. Nikawauliza wangependa watoto wa shule Havana wasome ipi. Mzee alichagua ya pili, lakini akataka iongezwe jina la mwandishi na mwaka. Tukaongeza. Tunapoandika kuhusu Wabolivia au Wahispania sasa, sentensi zetu tunazipima kwa ile ya mzee.

12 Oktoba mnaiadhimisha?

Hatuiadhimishi, tunaisoma. Ni siku Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492. Hispania ni sikukuu ya taifa. Venezuela wanaiita siku ya upinzani wa wenyeji, Ajentina ni siku ya kuheshimu tamaduni mbalimbali. Tarehe moja, majina yanayogombana, na wote wanagombana kwa Kihispania. Huwa naipeleka na kwetu: kule Ujiji kuna kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kukutana 1871, na pale pale ilipita njia ya watumwa. Tukitembea pale, kila mwanafunzi anaandika bango lake fupi la Kihispania. Hayajawahi kufanana hata mawili.

Mwanafunzi akiropoka jambo la kuumiza, mwalimu afanye nini?

Asinyamaze, na asimkaripie mbele za watu. Mimi huwa namwomba arudie alichosema, polepole. Nusu ya watu wanajisahihisha wakati wa kurudia. Asipojisahihisha, naenda kwenye maswali ya ubaoni. Kama kuna aliyeumia yupo humo ndani, naacha utamaduni kabisa, namsikiliza huyo kwanza, na mwingine ataomba radhi kwa maneno yake, bila mimi kumwandikia. Tukishamaliza, namtafuta aliyesema, nje, tukitembea. Wengi wao huwa wamelitoa nyumbani na hawakuwahi kuulizwa.

Kosa nililowahi kufanya ni kugeuza kauli ya mtu kuwa somo la wiki nzima. Aliacha kuja. Sikulaumu kuondoka kwake.

Mgeni mwenye Kihispania akija darasani, tumuulize nini?

Mambo yake. Mji wake, mama yake anapika nini, shuleni alipenda nini. Usimpe Mchile mmoja kazi ya kuijibia Amerika ya Kusini yote. Na ujue kwamba kwake América ni bara zima, siyo Marekani peke yake. Mwache na yeye aulize, na akiuliza vibaya kuhusu Afrika, mjibu kama ambavyo ungetaka kujibiwa. Picha apigwe akikubali.

Na mwalimu akikosea?

Anasahihishwa. Muhula wangu wa kwanza nilichora ramani ya nchi zenye Kihispania, Hispania huku, Amerika kule, na katikati bahari. Binti mmoja wa kidato cha sita akauliza, "Na Afrika?" Nikamwambia Afrika hakuna. Nilisema kwa uhakika kabisa.

Kesho yake alikuja na karatasi aliyoandika mwenyewe. Guinea ya Ikweta, iliyokuwa koloni la Hispania, ilipata uhuru 12 Oktoba 1968, na Kihispania ni lugha rasmi. Wana Kifang na Kibubi nyumbani, lugha za Kibantu kama Kiha na Kiswahili. Nilikuwa nimekaa Kuba miaka, nimesoma lugha hii mpaka nikaifundisha, na nchi ya Kiafrika inayoitumia sikuwa nimeitia kwenye ramani. Nilimwomba aichore yeye. Alikuja mbele, akachora mwambao mdogo na kisiwa cha Bioko, akaandika Malabo. Ramani hiyo tunaitumia mpaka sasa, na mwanafunzi mpya akifika ndiyo ya kwanza anayoonyeshwa.